Mafunzo Yaliyokataa Kufunguka

Posa ya Ubaid ilikuwa bado haijajibiwa siku alipoitwa kutengeneza kompyuta ya nyumba ileile aliyoposa.

Mzee Saad, babake Shekha aliyeposwa, aliwapokea vizuri wazee walioleta posa, akawasikiliza, kisha mzigo akamwachia dadake. “Shangazi yake ndiye aliyemlea,” alisema. “Akisema ndiyo, ni ndiyo.” Tangu hapo Bi Shahida hakusema ndiyo wala la. Wakikutana njiani hapo mtaani Shella, aliitikia salamu za Ubaid huku akimtazama juu hadi chini kama kitambaa ambacho hajaamua kukinunua.

Sasa alikuwa amempigia simu mwenyewe. “Si wewe unayeshughulika na video za harusi? Njoo, baba. Mashine imenikatalia.”

Ubaid alivaa kanzu yake ya Idi. Akaona ataonekana amekuja kudai jibu, akaivua akavaa shati. Alipofika mlangoni akaona shati nalo limekaa kifundi mno, lakini alikuwa ameshapiga hodi.

“Shikamoo, Bi Shahida.”

“Marahaba, karibu. Keti hapo. La, hapo sipo, hapo utaona.”

Kompyuta ilikuwa mezani, imefunikwa leso. Bi Shahida alikuwa somo wa maharusi, tena wa kutafutwa. Zamani alifuatwa kwa gari kutoka Mambrui hadi Takaungu aende kumfunda bibi harusi. Magoti yalipoanza kumsumbua, Shekha alimshawishi afundishe kwa mtandao, na darasa likapata wasichana hadi Maskati. Mmoja wao angeolewa Jumapili, naye alikosa mafunzo yote kwa homa. Bi Shahida alitaka rekodi zikatwe zile “unanisikia, nakusikia” za mwanzo, kisha apelekewe. Lakini programu ya kuhariri video haikutaka hata kuzipokea.

“Basi nionyeshe hizo rekodi,” alisema Ubaid.

Bi Shahida akaishikilia leso. “Nikuonyeshe? Wewe mwanamume, nikuonyeshe mafunzo ya maharusi?”

Ubaid aliihisi posa yake ikitikisika. “Siyo kuzitazama, bibi. Majina yake tu.”

“Majina utatajiwa. Shekha!”

“Labeka, shangazi,” ikajibu sauti nyuma ya pazia.

Ubaid akakazia macho meza. Tangu posa ipelekwe, Shekha hakupaswa kujitokeza mbele yake, wala wawili hao hawakupaswa kusemezana. Na kuhusu rekodi, Shekha naye alikuwa hana haki nazo. Mafunzo yale hayasikizwi na msichana ambaye hajapangiwa tarehe ya ndoa. Kazi yake ilikuwa kuziingiza faili kwenye programu, kisha ampishe shangazi yake. Kwa hiyo fundi hakuruhusiwa kutazama, msaidizi hakuruhusiwa kusikia, na aliyeruhusiwa yote mawili hakujua kutumia kompyuta.

“Naomba kujua majina ya faili yanaishia na nini,” alisema Ubaid.

Bi Shahida akaligeukia pazia, ambalo angeweza kuligusa kwa mkono. “Anauliza yanaishia na nini.”

“Mwambie em, pi, na nne.”

“Em, pi, na nne,” Bi Shahida akamfikishia Ubaid, kama aliyezitoa habari hizo safarini.

Ubaid hakuwa na haraka ya kushika vitufe. Alikuwa amejifunza kazi hii peke yake, kwa kuharibu na kutengeneza, na kitu kimoja alichokijua ni kwamba mashine inayokataa ina sababu. Aliomba ruhusa ajaribu faili yake mwenyewe, kipande cha harusi aliyoirekodi kijijini Sabaki. Bi Shahida akaondoa leso, akaikunja, kisha akaibana kwa vibanio vya nywele juu ya ile sehemu ya kioo ambapo picha hutokea.

Kipande cha Sabaki kiliingia bila shida. Kwa hivyo programu ilikuwa nzima. Alipojaribu rekodi ya kwanza, programu ikaandika kwamba faili hiyo haisomeki.

“Hapo chini ya leso pana kitu?” aliuliza.

Bi Shahida akainua pembe, akachungulia. “Peusi tupu.”

“Basi tungeiondoa leso, bibi, inaziba vitufe.”

“Iache. Hata weusi huo ni wa wanawake.”

Ubaid akaiacha. Akamwomba amwonyeshe anavyofunga darasa, kuanzia dua. Bi Shahida aliinua mikono, akaomba dua fupi, akaagana na wasichana wasiokuwepo mmoja mmoja, akamtumia salamu mama wa mmoja wao, akabonyeza pa kumalizia. Kisha, paf! Akakifunika kifuniko cha kompyuta.

“Hapo umefanya nini?”

“Nimefunika. Saa hiyo adhana ya alasiri huwa inalia, niiache wazi inanikodolea macho?”

“Kila siku hufunga hivyo?”

“Mimi mtu wa vipindi, baba. Adhana haijawahi kunikuta na mashine wazi.”

Ubaid akaanza kupata mwanga. Mkutano ukiisha, kompyuta huwa bado inayakusanya yale iliyoyanasa na kuyageuza kuwa video, na kazi hiyo hutaka muda. Kila ilipoanza, ilifunikwa ikalala. Zile hazikuwa video bado. Lakini kama ni hivyo, majina yake yasingeishia na em, pi, na nne.

“Naomba kujua,” alisema polepole, “kama majina yalikuwa hivyo tangu mwanzo.”

Bi Shahida akageuka. Pazia likachezacheza.

“Shekha, unaulizwa.”

“Mwambie… nilibadilisha mimi ule mwisho. Programu ilisema inataka em pi nne. Nikaipa.”

Bi Shahida akamkazia macho Ubaid. “Haya. Kosa la nani, basi? Langu au la huyu?”

Ubaid alitamani aulizwe kitu kingine chochote. Akisema la shangazi, posa imekwenda. Akisema la Shekha, imekwenda vilevile, na kwa uchungu zaidi. Akafikiri mpaka akaona yaliyo kweli yanatosha.

“Adhana imelia, umefunika. Programu imetaka jina, imepewa. Kila mtu alikuwa na sababu yake. Ningekuwa mimi, ningefanya hayo yote mawili.”

“Unajibu kama kadhi aliyeogopa pande mbili.”

“Mimi si kadhi, bibi. Nataka faili zifunguke tu.”

“Zifunguke tu?”

“Na jingine,” akasema Ubaid, akitazama sakafu.

Nyuma ya pazia mtu alikohoa, kikohozi kisichokuwa cha ugonjwa.

Ubaid akayarudisha majina yalivyokuwa, akazifungua faili zote kwa programu ileile iliyorekodi darasa, na kompyuta ikaanza kuzigeuza taratibu, moja baada ya nyingine. Haikufika mbali, adhana ya alasiri ikalia. Mkono wa Bi Shahida ukakiendea kifuniko.

“Usifunge!” Ubaid akapiga kelele.

Hakuna aliyewahi kumpigia Bi Shahida kelele katika nyumba ile.

“Nisamehe, bibi,” akasema. “Kazi itakufa tena.”

Bi Shahida aliutazama mkono wake mwenyewe kama si wake. Akaurudisha. Akaleta leso ya pili, akaitandaza juu ya mashine ikiwa wazi, akaenda kutia udhu. Ubaid akaenda msikitini, akaswali na kuomba dua ndefu kuliko ilivyo kawaida yake.

Aliporudi, faili zote zilikuwa tayari. Akaziingiza kwenye programu ya kuhariri, nazo zikakubali. Zilibaki kujaribiwa. Akamwonyesha Bi Shahida kitufe cha kuzima sauti na kile cha kuchezesha, kisha akageuka ukutani. Bi Shahida akabonyeza cha sauti. Akabonyeza tena, kwa uhakika zaidi, na sauti ikarudi. Akachezesha.

“JAMBO LA KWANZA,” ikanguruma sauti yake mwenyewe, “mume akirudi nyumbani—”

Ubaid hakungoja. Aliziba masikio akatoka mbio hadi barazani, kiatu kimoja mguuni. Hata kwa masikio yaliyozibwa alimsikia Bi Shahida huko ndani akivifokea vitufe kama watu. Muda ukapita. Kisha rekodi ikazimika.

Bi Shahida akatoka, akasimama mbele yake. “Umesikia nini?”

“Jambo la kwanza, mume akirudi nyumbani.”

“Halafu?”

“Sijui, bibi. Wallahi sijui akirudi inakuwaje.”

“Mwenzako ameketi nyuma ya pazia mpaka jambo la tatu.”

“Nilikuwa nachunguza kama sauti inatoka sawa, shangazi!” ikaja sauti ya Shekha kutoka ndani. “Si ndiyo kazi?”

Bi Shahida akashusha pumzi, akajiweka barazani, magoti yake yakalia. “Msichana ameshayajua mafunzo na hana tarehe. Nimuweke vipi nyumbani? Watu watasema nini?” Akampungia Ubaid mkono, kama anayefukuza kuku. “Nenda kamwambie mamako aje Ijumaa tupange siku. Na kiatu chako kichukue, kiko chini ya meza. Ngoja kwanza niifunike mashine.”