Akika Mbele ya Mganga

Mganga Likwata aliingia kijiji cha Pande na pikapu, redio ikiimba, akashusha mkeka, ndoo ya dawa na nyembe zake kwenye baraza ya chama cha ushirika. Tangu biashara ya korosho ifunguliwe kwa wanunuzi binafsi, ofisi ile ilikuwa ya popo. Salfa ya kupulizia mikorosho nayo haikuletwa tena. Mwenye nacho aifuate dukani mjini Masoko, asiye nacho atazame. Mwaka ule wakatazama ubwiri, ule ukungu mweupe, ukikausha maua, mwisho wakasema: kuna mchawi. Basi kila kichwa kinyolewe na Likwata, na atakayekataa, ndiye.

Bi Mwanasha akakataa.

Mdogo wake Kibwana, balozi wa nyumba kumi, alimkuta akipepeta mchele.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nani kakunyonyoa hivyo, kuku wa sikukuu?"

Kibwana akajipapasa kipara. "Usinichekeshe. Watu wamekaa kikao. Usipokwenda, kesho kwenye akika ya mjukuu wako haji mtu. Hata Maalim Huseni hasomi dua."

Hapo alimgusa penyewe. Zakia, binti yake, alikuwa amezika watoto wawili kabla ya huyu. Mtoto akinyolewa nywele za uzazi bila watu, bila amina ya majirani, atakua akiitwa mjukuu wa mchawi mpaka ndevu zimwote.

"Kibwana, huyo Likwata ndiye anayetoa maua kwenye mikorosho?"

"Sijui."

"Hujui, na kichwa umempa!"

"Na mwakani ubwiri ukirudi, dada, watasema nini juu yako?"

"Watasema. Mola akitaka urudi, utarudi, na bado ni Mola wangu. Mimi nilinyolewa siku ya saba kwa jina lake. Sinyolewi mara ya pili kwa jina la mtu wa pikapu."

Kesho yake mikeka ilitandikwa, mbuzi akachinjwa, wali ukaiva. Haikuja hata sandali moja. Zakia alimkumbatia mwanawe, machozi yanamtoka.

"Mama, nenda tu. Ni nywele, zitaota."

Mwanasha akamtazama mtoto aliyelala, mdomo wazi, hana habari na mchawi wala mganga. Kisha akachukua wembe mpya, bakuli la maji na mkeka, akaukunja kwapani.

"Mbebe. Watu hawaji kwenye akika, basi akika itawafuata."

Pale baraza ya ushirika mstari ulikuwa mrefu. Mwanasha akatandika mkeka wake ubavuni mwa mkeka wa Likwata, karibu magoti yao yagusane. Mganga akacheka.

"Bibi umekuja mwenyewe? Kaa foleni."

"Sina shida na wewe, baba. Nina mtoto wa kunyoa."

Akasema bismillahi, akapitisha wembe taratibu kwenye utosi ule laini. Mtoto akalia. Alipomaliza, Mwanasha akainua mikono, akaomba dua kwa sauti ile ile anayoitia kuku: Mola ampe umri, ampe imani, asimpe hofu ya mtu.

Watu wale walikuwa wamelelewa kwenye dua. Viganja vikafunguka vyenyewe, mmoja mmoja, mstari mzima. Mwanamke aliyeketi kwa Likwata, nusu kichwa nywele nusu kipara, naye kageuka, kafungua vyake.

"Amina," wakaitikia.

"Mnamwitikia mchawi!" Likwata akafoka.

"Wameitikia dua," akasema Mwanasha. "Wewe ndiye hukuinua mkono. Haya, jamani, wali unapoa. Wa kunyolewa abaki."

Maalim Huseni, kipara chake kimefichwa na kofia, akainuka pembeni ya baraza, macho chini. Kibwana, aliyekuwa akisimamia foleni, akakunja mkeka wa dada yake. Wengine wakafuata, si wote. Waliobaki walimwita Mwanasha mchawi hivyo hivyo, naye kesho yake akawapitia nyumba kwa nyumba, akiwatolea salamu kwa sauti kubwa mpaka waitikie. Mikorosho yake ilikuwa imekauka kama yao.