Mkono wa Kushoto wa Lukhanyo

Sakhumzi alikuwa mchoraji bora darasani kwetu, na mtu mbovu kuliko wote kwa kuficha jambo. Ukitaka akutunzie siri, heri ukaitangaze mwenyewe kanisani. Angalau utachagua maneno. Kwa hiyo alipotuambia kwamba filamu yake ya kumalizia chuo ni katuni ya wavulana wawili wa shule wanaopendana, na kwamba wavulana hao ni wa kubuni tu, nilicheka mpaka nikamwaga chai.

"Unacheka nini, Nomalizo?"

"Namcheka huyo wa kubuni. Jana nilimwona hapa kwenye korido anakula viazi vyako."

Maana Lukhanyo, jirani yake wa mtaa mmoja kule kitongojini Gugulethu, alikuja chuoni karibu kila alasiri. Sababu ya mdomoni ilikuwa kazi. Mchora katuni huhitaji mtu wa kumtazama akitembea, akigeuka, akiinama, ndipo mchoro upate uzito. Lukhanyo akawa anaenda na kurudi kwenye korido ile, Sakhumzi anampiga picha, nami narekodi nyayo, kwa kuwa sauti za filamu zilikuwa kazi yangu. Sababu ya moyoni niliiona walipokuwa wakigawana mkate mrefu uliojazwa viazi na nyama. Kila mmoja alimsukumia mwenzake upande wenye nyama, ukaenda ukarudi, hadi nyama ikapoa, nikaila mimi.

Lukhanyo alikuwa na mwendo wake. Kichwa kilitangulia kama kinachungulia njia, na mkono wa kushoto haukuyumba kama wa watu wengine. Ulikaa mbali kidogo na paja, vidole vimekunjika nusu, kama umeshika kitu.

"Umebeba ndoo gani hiyo isiyoonekana?" nilimtania.

"Ya maji ya kukuogeshea wewe."

Filamu yenyewe ilikuwa fupi. Wavulana wawili wanatoka shuleni, wanapita kando ya ukuta mrefu, jua limeshuka. Wanatembea wametengana, kila mmoja anatazama viatu vyake. Lakini vivuli vyao ukutani vinasogeleana kidogo kidogo, na mwisho vinashikana mikono. Hakuna neno hata moja. Mwalimu wetu alipoitazama alivua miwani akaifuta, na haikuwa na uchafu.

Lukhanyo alipoonyeshwa, mwanzoni alicheka. Kisha akaisogelea skrini.

"Khumzi, huyu ni mimi."

"Huyu ana mashavu kama maandazi! Masikio kama milango ya kabati! Wewe una masikio haya?"

"Sisemi uso. Baba ataniona nikitembea. Atanijua kabla hajakaa kitini."

Baba yake, Tata Mgudlwa, alikuwa mzee wa kanisa. Siku moja mezani yalizungumzwa ya kijana wa watu aliyependa kijana mwenzake, naye akasema: angekuwa wangu, ningembebea begi mwenyewe mpaka barabarani, kisha ningerudi kunawa mikono. Hakupaza sauti. Ndiyo maana Lukhanyo alimwamini.

"Basi tusiwaalike," nikasema.

Wote wawili walinitazama kama mtu aliyezaliwa jana. Kwetu sherehe haina kadi. Ukiona moshi, unakuja. Na bibi yake Sakhumzi alikwisha kuutangazia mtaa mzima kwamba mjukuu wake anahitimu.

Ikabidi mwendo ubadilishwe. Sakhumzi alichora upya hatua kwa hatua, macho mekundu kama ya mtu aliyepuliza kuni mbichi. Mvulana wa mashavu akawa anatembea kama askari kwenye gwaride, mikono yote miwili inapiga mbele na nyuma.

"Nimemfukuza kwenye filamu yake mwenyewe," alisema.

"Afadhali afukuzwe humo kuliko kwao."

Huo utani hakuucheka.

Jumamosi ya maonyesho, ukumbi ulijaa mtaa. Walikuja na mabeseni ya mahindi na maharage, na bibi alipiga vigelegele hata kabla taa hazijazimwa. Tata Mgudlwa alikaa safu ya mbele, mkewe MaBhele ubavuni, Lukhanyo nyuma yao, amekalia viganja vyake.

Mvulana akapita kwa mwendo wa askari. Nikashusha pumzi. Halafu ukaja ukuta.

Katika kazi yetu, mwili huchorwa peke yake na kivuli peke yake, kama vioo viwili vilivyobebana. Sakhumzi alikuwa amebadilisha kioo kimoja tu, cha mwili. Pale ukutani, mkubwa kama mlango wa kanisa, kivuli kilikuja kichwa mbele, mkono wa kushoto umekaa mbali na paja, vidole vimekunjika nusu. Na mkono huohuo ndio ulioshikwa.

Watu wakapiga makofi. Tata Mgudlwa naye akapiga. "Kuchora wanajua," alimwambia jirani yake. "Hayo mengine, mmh." Alikuwa akitazama nyuso.

MaBhele hakupiga makofi. Alikuwa ameishika sketi yake. Nilipogeuka kumtafuta Lukhanyo, kiti chake kilikuwa kitupu.

Alhamisi iliyofuata MaBhele alikuja chuoni na sare ya kina mama wa kanisa, blauzi nyekundu na kofia nyeupe, kwa kuwa nyumbani alisema anakwenda kwenye maombi. Tangu Jumapili Lukhanyo alikuwa hapokei simu.

"Nionyeshe tena," alimwambia Sakhumzi. Salamu hakuimaliza.

"Mama, mimi..."

"Nionyeshe, mwanangu. Kusema utasema baadaye."

Kivuli kilipotokea aliweka kidole kwenye skrini.

"Hiki nimekizaa mimi. Unajua ameshika nini?"

"Sijui, Mama. Nilichora nilichokiona."

"Sketi yangu. Alichelewa kutembea huyu. Nilikuwa nafulia watu Claremont, naye ananifuata amening'inia kwa mkono huu. Sketi yenyewe ilikwisha kuwa tambara la kupigia deki. Mkono haujaambiwa."

 

"Yuko wapi?" aliuliza Sakhumzi.

"Gqeberha, kwa kaka yangu. Nilimpandisha basi Jumatatu. Baba yake nimemwambia kuna kazi."

"Kuna kazi?"

"Itapatikana."

"Amenikasirikia?"

"Hapana. Ameniambia nikwambie hivyo. Mimi ndiye niliyekasirika, halafu nikakuta sina wa kumkasirikia."

"Atarudi lini, Mama?"

"Arudi wapi? Mume wangu hakukitambua kivuli mara ya kwanza. Nasikia mwezi ujao filamu inatoka kwenye televisheni. Atakuwa na chai yake, miguu juu ya kigoda, hakuna wa kumsemesha. Ataona."

"Naweza kuitoa isionyeshwe."

"Na bibi yako alivyokwisha kutangaza? Wataulizana kwa nini. Kirekebishe."

Akavuta kiti, akakaa, kofia mapajani. Sakhumzi alianza. Alikunjua kidole kimoja, mchoro baada ya mchoro, kisha kingine. Akaushusha mkono hadi kwenye paja, halafu akaupa kuyumba. Mara mbili aliacha kalamu akafuta macho kwa kiwiko, naye MaBhele akageukia dirishani mpaka amalize. Alipocheza kipande kile, kivuli kilipita ukutani na mkono mtupu unaopiga mbele na nyuma, mkono wa mtu yeyote.

"Sasa ameniachia," alisema MaBhele.

Akasimama, akanyoosha sketi, akavaa kofia bila kioo. Mlangoni alinigeukia.

"Hizo nyayo zinazosikika, ni zake?"

"Ni zake, Mama. Nizibadilishe?"

Alifikiri kidogo.

"Ziache. Baba yake hasikilizi."

Alipoondoka, Sakhumzi alizima skrini, akaniomba nimwekee nyayo zile peke yake. Nikamwekea. Akakaa gizani anazisikiliza zikienda mpaka mwisho wa korido, zikigeuka, zikirudi.