Bangili ya Mama Mkwe

Kazini walimwita Pima Kwanza. Alikuwa mkuu wa usalama wa mionzi katika kituo cha utafiti, ambako mtambo mkubwa chini ya ardhi ulikimbiza chembe ndogo kuliko atomu na kuzigonganisha. Kituo kilifuata kanuni zilizokubaliwa na mataifa mengi, na yeye ndiye aliyezifundisha. Iliyowakera mafundi zaidi ni hii: chuma chochote kilichokaa karibu na mtambo, kwa kuwa huweza kubaki na mionzi, hakitoki nje mpaka kipimwe, na asikipime yule anayekitaka.

Mama mkwe wake, mwalimu mstaafu mwenye utani mwingi, alikuwa akisumbuliwa na kifundo cha mkono. Alisikia kwamba bangili ya shaba husaidia. Pima Kwanza hakuamini habari hizo, lakini alimpenda mama yule, na shaba nzuri alijua iliko: kwenye sumaku kuukuu iliyong'olewa mtamboni, ikingoja kupimwa. Upande ule wa mtambo ulikuwa umezimwa miaka mingi. Akapiga hesabu kichwani, akaona haina neno. Akakata kipande, akakichonga bangili, akakisugua mpaka kikang'aa, akakitoa nje bila kukaguliwa kwa kuwa yeye ndiye mkuu, akampa mama.

Siku ambayo familia za wafanyakazi hualikwa kituoni, mama mkwe alikuja nayo mkononi. Wakaguzi kutoka vituo vya nchi nyingine nao walikuwepo wiki hiyo. Wakati wageni wakizungushwa, mama alichungulia mabomba na nyaya, akasema, "Pazuri, mwanangu. Ila vumbi hamfuti?" Hata wakaguzi walicheka.

Wakati wa kutoka, kila mtu alipita kwenye lango la kupimia mionzi. Mama alipopita, likalia. Akarudi nyuma, akapita tena. Likalia. Mlinzi akapitisha kipimo mwilini mwake, kikapiga kelele kwenye bangili.

Mkaguzi mmoja, mwanamke mpole, akamgeukia Pima Kwanza. "Mkuu, unaifahamu bangili hii?"

Mkurugenzi wa kituo alikuwa akimtazama. Mafundi aliowafokea miaka nenda rudi walikuwa wakimtazama. Neno likamponyoka.

"Hapana. Labda ameiokota ndani."

Mama alisikia. Akaivua bangili taratibu, akaiweka mezani.

"Sikuiokota," akasema. Hakusema aliyempa.

Kama imeokotwa ndani, basi huenda wengine nao wameshika kitu. Lango likafungwa. Wageni wakaambiwa wavue viatu vipimwe, watoto wakaanza kulia. Mkewe, aliyekuwepo bangili ilipotolewa, alisimama kwenye foleni na mtoto mgongoni, akimkazia macho mumewe. Mlinzi akamwaga mkoba wa mama mezani: miwani, funguo, kitambaa, vidonge vya presha. Mama akaanza kuvikusanya kwa mkono ule unaouma, na kidonge kimoja kikabingirika mpaka kwenye kiatu cha mkwewe.

Pima Kwanza akachuchumaa kukiokota.

"Ni mimi," akasema akiwa bado chini. "Niliichonga mimi. Sikuipima. Mama hajaokota kitu. Waachieni watu waende."

Hakuna aliyemfokea, na hilo lilimuuma zaidi. Mkaguzi akauliza maswali yake kwa sauti ya chini, kama anayezungumza na mgonjwa.

Daktari alimpima mama, akasema mionzi aliyoipata ni kidogo, haitamdhuru. Pima Kwanza akaondolewa kwenye cheo, akapelekwa stoo. Kanuni zilitaka tukio liandikwe na kusambazwa vituo vyote ili wengine wajifunze, naye akaomba aliandike mwenyewe. Mkurugenzi aliposoma, akagusa mstari mmoja kwa kalamu.

"Hili la kumsingizia mkweo tulitoe. Ni mambo ya nyumbani."

"Watu walifungiwa kwa sababu ya neno hilo, mzee. Liache."

Likabaki, likasomwa na watu asiowajua katika lugha asizozijua.

Nyumbani mkewe alimtengea chakula na kumjibu alipoulizwa, basi. Mama alikwisha kurudi kwake asubuhi ya pili baada ya tukio, kwa teksi, ingawa gari la mkwewe lilikuwa limeegeshwa mlangoni.

Pima Kwanza alimpigia mama simu mara nyingi kabla ya kupata ujasiri wa kulisema.

"Mama, nilikuita mwizi mbele za watu. Naomba unisamehe."

Upande wa pili kulikuwa na sauti ya maji yakimiminwa.

"Nimekusikia," mama akasema. Kisha akauliza kama watoto wameshakula.