Tairi Lenye Vinywele

Masolwa alikuwa mtu wa kushuku. Ukimwambia jua limechomoza, anatoka kwanza nje kuhakikisha. Ukimkaribisha chai, anataka kujua imepikwa saa ngapi na imebaki kwa sababu gani. Wenzake wa kijiwe cha baiskeli za mizigo, pale jirani na stesheni ya Tabora, walimcheka kwa tabia hiyo na walimheshimu kwa tabia hiyo hiyo, maana katika kazi ya kubeba mali za watu asiyeshuku huliwa mchana kweupe. Ni yeye aliyewahi kunusa madumu ya asali kutoka Igalula akasema hii ni sukari guru, na kweli ilikuwa sukari guru. Tangu siku ile neno lake likawa na uzito.

Kijiwe kilikuwa na watu arobaini na watatu. Treni ikiingia, wao ndio wanaopokea magunia ya karanga kutoka Kaliua, madumu ya asali na marobota ya nguo, wanayafunga kwenye karia na kuyasambaza mji mzima, Chemchem mpaka Kwihara. Babu wa babu zao walibeba pembe za ndovu mabegani mpaka pwani. Wajukuu wanabeba kwa magurudumu mawili, basi, na kubeba kwetu si jambo la kuonea haya.

Mwaka wa uchaguzi ulipofika, yakaanza maneno kwamba baiskeli zote za mizigo zitaondolewa stesheni na kupelekwa nje ya mji, huko ambako treni haifiki na mteja hana haja ya kufika. Ukimwondoa mbeba mizigo stesheni umeondoa sahani mbele ya watoto wake.

Wananchi humpigia kura diwani, na madiwani ndio humchagua Meya. Lakini safari hii kila mtu alijua kwamba atakayeitwaa kata ile ya stesheni ndiye atakayevaa joho la Meya, kwa hiyo kuchagua diwani kulikuwa sawa na kuchagua Meya mwenyewe. Na wagombea wa maana walikuwa wawili.

Wa kwanza ni Bundala, mwenye mashine za kukoboa mpunga. Alikuja kijiweni juu ya baiskeli kuukuu, jasho linamtiririka, anasema, "Jamani, mimi ni mwenzenu. Nimebeba mizigo miaka kumi kabla sijapata mashine."

Masolwa akaizunguka baiskeli ile taratibu kama mnunuzi wa ng'ombe. Kwenye karia hapakuwa na hata alama moja ya mpira wa kufungia mzigo. Na Bundala alipoondoka, alipanda kwa kurusha mguu nyuma. Wabeba mizigo wakaangua kicheko, maana wao hupitisha mguu mbele, juu ya bomba la fremu, kwa kuwa nyuma kuna gunia, na mazoea hayo humganda mtu mpaka kaburini.

"Huyu hajabeba hata kilo ya chumvi," Masolwa alisema.

Wa pili ni Bi Nihal, wa ukoo wa Kiarabu wa hapo hapo Tabora, muuza spea na matairi. Alikuja kwa miguu, akasimama juani. "Baiskeli sijui kupanda, wala sitawadanganya," alisema. "Lakini nyinyi mkihamishwa hapa, mimi tairi nitamuuzia nani?" Akaaga, akaenda zake.

"Na huyu naye," Masolwa alisema, "mtu anayesema ukweli mbele ya wapiga kura, ujue kuna kubwa zaidi analificha."

Aliyempinga ni Manirakiza, rafiki yake wa miaka kumi na mitano, mzaliwa wa kambi ya wakimbizi ya Ulyankulu, mtoto wa wakulima wa tumbaku walioletwa na vita vya Burundi. Mtu mpole, hana makuu. Kijiwe kizima kilimtegemea kwa jambo moja: tairi likipasuka, yeye hulishona kwa ndani kwa uzi mwekundu wa marobota ya tumbaku, mshono wa kukatisha aliofundishwa na mama yake. Hakuna mwingine aliyeweza kuuiga.

"Bi Nihal anatetea duka lake," Manirakiza alisema. "Mtu anayetetea duka lake huna haja ya kumkumbusha ahadi."

Neno hilo liliwaingia watu. Sasa kijiwe kilikuwa na desturi yake. Ijumaa ya mwisho kabla ya kura, baiskeli zote hupangwa mstari mmoja, na kila mtu hugeuza usukani wake, kulia kwa mgombea huyu, kushoto kwa yule. Upande ulio na wengi ndio upande wa wote. Hata kama roho yako haitaki, siku ya kura unampigia yuleyule, na hakuna aliyewahi kuvunja agano hilo. Ndiyo maana wagombea waliwaogopa: ukipata mmoja umepata arobaini na watatu.

Wiki mbili kabla ya Ijumaa hiyo, Masolwa alilazwa na malaria siku nne, nyumbani, mkewe Levina akimkanda kwa maji. Alipopona akapakia magunia mawili ya kwenda Kwihara, akaona baiskeli inakwenda vizuri kuliko zamani. Akajisemea kwamba mwili ukipumzika hata chuma hupumzika. Na hapo hapo akasikia maneno mapya mjini, kwamba kuna watu wanagawiwa matairi ili wageuze usukani.

Basi, kazi ikaanza. Masolwa akawa anachungulia matairi ya wenzake. Tairi jipya lina vinywele, vile vijiti vyembamba vya mpira vinavyobaki kutoka kiwandani, na huwezi kuvificha kwa mtu wa kazi. Akachungulia thelathini, arobaini, hakuna kitu. Ijumaa asubuhi, baiskeli zimeshapangwa mstari na misukani mingi imeshaelekea kulia, kwa Bi Nihal, akainama kwenye baiskeli ya Manirakiza. Tairi la nyuma lilikuwa na vinywele kila mahali.

Alitamani awe amekosea, lakini macho yake hayakuwahi kukosea.

"Manirakiza," aliita mbele ya watu wote. "Hili umelitoa wapi?"

"Nimenunua kwa Bi Nihal."

"Wiki tatu zilizopita tairi lako lilikuwa zima. Nimeliona mwenyewe, lilikuwa bado lina mwaka mzima wa kazi. Hakuna mtu anayetupa tairi zima. Lile liko wapi?"

Manirakiza akaitazama baiskeli ya Masolwa, akamtazama Masolwa usoni, kisha akatazama chini.

"Jibu, ndugu," alisema Marko, mwenyekiti wa kijiwe, kwa upole.

"Nimeshasema nimenunua."

"Mnaona?" Masolwa alisema, na hapo hasira ikamchukua mpaka akasema lisilosemwa. "Ndiyo shida ya kumwamini mtu wa kambini. Hana kwao, kwa hiyo hana cha kuuza isipokuwa sisi."

Hata waliokuwa upande wake waliinamisha vichwa. Manirakiza akashika baiskeli yake, akaitoa kwenye mstari. "Siku utakapopata pancha, Masolwa, utajua tairi langu liko wapi," alisema, akapitisha mguu juu ya bomba, akaondoka.

Wengine walisema amemlaani. Masolwa mwenyewe alikagua chini ya tandiko na ndani ya pampu, akitafuta hirizi. Lakini misukani ilianza kugeuka mmoja mmoja. Kama Bi Nihal anahonga matairi, walisema, afadhali mwongo tunayemjua. Mpaka adhuhuri kijiwe kilikuwa kimeelekea kushoto, kwa Bundala.

Jioni Levina alimpakulia ugali mumewe, akaketi. "Baba Kulwa, nimesikia mambo ya kijiweni. Lile tairi la Manirakiza, nataka nikuambie..."

"Na wewe wamekupa kitenge cha rangi gani?" Masolwa aliuliza.

Levina akainuka na kuondoka, na kwa siku nyingi alimjibu ndiyo na hapana tu.

Kura zikapigwa. Bundala alimshinda Bi Nihal kwa kura thelathini na nane, akawa diwani, na madiwani wenzake wakamvika joho. Kijiwe kikampigia makofi. Haukupita mwezi, likabandikwa tangazo ukutani: baiskeli zote za mizigo ziondoke stesheni. Walipomfuata, alikuwa ndani ya gari, kioo kimefungwa. Ile baiskeli kuukuu Masolwa aliikuta kwa muuza vyuma chakavu.

Sasa walikaa nje ya mji, vumbi na mbuzi. Wateja wakawa wa kuhesabu. Siku moja Masolwa akapata magunia mawili ya Kwihara, akashukuru Mungu, na njiani akasikia *fsss* chini yake. Pancha. Akateremsha mzigo, akapindua baiskeli, akalichomoa tairi la nyuma kutoka kwenye rimu, akapitisha kidole ndani kutafuta mwiba.

Kidole kikagusa mshono.

Akalipindua tairi ndani nje. Kulikuwa na kiraka, kimeshonwa kwa kukatisha, uzi mwekundu wa marobota ya tumbaku. Tairi lake yeye halikuwahi kushonwa hata mara moja; hili lilikuwa la Manirakiza. Alikuwa amechungulia matairi ya kijiwe kizima, na la kwake hakulitazama hata siku moja. Nyani haoni kundule, walisema wazee, naye alikuwa akiwaambia wengine msemo huo kila siku.

Mzigo akampakilia mwenzake aliyepita, akafika nyumbani akiisukuma baiskeli. Levina alikuwa anapepeta mchele. Masolwa akaweka tairi mbele yake na hakuuliza kitu.

"Ulipokuwa na homa," Levina alisema bila kusimamisha ungo, "nililiona tairi lako limekwisha, limebaki uzi mtupu. Nikajua utaamka tu na kupakia magunia, litapasuka barabarani uangukiwe na mzigo. Nikamwambia Manirakiza. Alitaka kukununulia jipya, kisha akasema, hapana, mume wako akiona vinywele atauliza limetoka kwa nani na atalitupa. Akakupa la kwake, lililokwisha vinywele. Yeye akanunua jipya. Akaniapisha nisikwambie mpaka ujue mwenyewe."

"Na siku ile ulitaka kusema."

"Nilitaka kuvunja kiapo. Ukaniuliza kitenge."

Kesho yake alfajiri Masolwa akaziba pancha, akafunga maji na viazi kwenye karia, akashika njia ya Ulyankulu, alikorudi Manirakiza tangu Ijumaa ile. Ni njia ndefu, mchanga mtupu, na magari ya tumbaku yanakupaka vumbi mpaka kwenye meno. Alifika siku ya pili, saa sita mchana.

Manirakiza alikuwa nyumbani kwa mama yake, anatunga majani ya tumbaku kwenye kamba. Alimwona, hakuinuka, wala hakugeuza uso.

"Habari za huku?" Masolwa alisema.

"Nzuri. Pancha ulipatia wapi?"

"Njia ya Kwihara. Magunia mawili."

"Kiraka hakikuachia?"

"Hakikuachia." Masolwa akapiga goti kwenye mchanga, mtu mzima na mvi zake. "Ndugu yangu, nilikutukana mbele za watu. Nilikuita mtu asiye na kwao. Na kwa mdomo wangu nikakipeleka kijiwe kwa Bundala, tukafukuzwa wote. Thelathini na nane, Manirakiza. Sisi peke yetu tungeziziba."

Manirakiza alitunga jani moja, akatunga la pili. "Tungeziziba," alikubali. "Nilikuja siku ya kura, unajua? Nilipanda basi, nikasimama foleni nyuma kabisa, hakuna aliyeniona."

"Ulimpigia Bi Nihal," Masolwa alisema. "Na ulikuwa na haki."

"Nilimpigia Bundala."

Masolwa akainua uso.

"Misukani ilishageuka," Manirakiza alisema. "Mimi ni wa kijiwe."

Kwa mara ya kwanza maishani Masolwa alisikia neno la mtu na hakutafuta kulihakikisha. Alikaa chini pale pale kwenye mchanga, baiskeli imemwangukia begani, akalia kwa sauti, mpaka mama mzee akatoka ndani kuuliza ni msiba wa nani.