Mama Alipokula kwa Mkwewe

Mama alikubali kutoka Bumula hadi Kitale kwa sharti moja: asikutane na mkwewe. Kwetu Wabukusu mama mkwe hamtazami mkwe usoni, wala hali naye meza moja. Tukamwahidi. Sifuna, mume wangu, angebaki jikoni katika hoteli anakopika, na sahani ndizo zingemsemea.

Maana tangu anioe, Mama amekuwa akiuliza, "Mwanaume wa kukoroga sufuria, bana, hiyo ni kazi gani?" Sifuna hakutaka zawadi. Alitaka kumsikia Mama akisema kazi yake ni kazi.

Jumamosi mchana tukakaa kando ya dirisha, mimi na Mama, mwanangu Mukhisa mapajani. Mhudumu, Mary Ann, akatueleza kwamba siku hiyo mgeni hachagui chakula. Mpishi mwenyewe anapanga, na vionjo vinakuja kimoja kimoja hadi saba.

Cha kwanza kilikuwa uyoga mmoja katikati ya sahani pana kama ungo.

"Wenzake wamepotea njiani?" Mama akauliza.

"Ni wa kuonja, Mama."

"Si kuonja ni kwa mpishi? Ati nimepanda gari kutoka Bumula nije kuonja!"

Mary Ann akacheka mpaka akaweka trei chini. Ikaja kunde ya maziwa, ikaja supu, kikaja kipande cha kuku wa kienyeji aliyekaushwa kwa moshi. Utani wa Mama ukapungua. Akawa anakula polepole, macho ameyafumba. Ilipoletwa mushenye, viazi vitamu vilivyopondwa pamoja na maharagwe, alilamba kijiko pande zote mbili.

"Mwambie huyo wa jikoni," akamwambia Mary Ann, "hii ni ya mama yangu. Sijaila tangu tumzike."

Nilifurahi hata nikambusu Mukhisa utosini. Laiti ningeinuka, nikapeleka maneno hayo mwenyewe! Mary Ann si wa huku, na alitaka kumpa mpishi wake raha. Alipofika jikoni akamwambia, "Chef, yule mama anakuita."

Sifuna akatoka, kofia ameishika kifuani. Uso wake ulikuwa umefunguka kama wa mtoto aliyetajwa jina mbele ya shule nzima. Nilimtikisia kichwa, lakini hakuwa akinitazama mimi.

"Karibu sana, Mama," akasema, akanyoosha mkono.

Mama akavuta leso, akajifunika kichwa chote na kugeukia ukuta. Kijiko chake kikaanguka. Watu wa meza nyingine wakaacha kula. Mkono wa Sifuna ulikaa hewani, halafu akainama, akaokota kile kijiko, akarudi jikoni kinyumenyume.

Nilimkuta Mama nje, kwenye veranda.

"Mlinidanganya."

"Aliambiwa umemwita, Mama."

"Ningemwitaje, Phelista? Mkono wake wa kupika umenishinda hata mimi niliyekulea. Lakini ningemwitaje?"

Nikaingia jikoni. Sifuna alikuwa anasugua sahani iliyokwisha kutakata. Nikamwambia yote, habari ya kijiko kilicholambwa, ya bibi yangu, ya macho yaliyofumbwa.

"Wewe ulimsikia, Mama Mukhisa," akasema. "Mimi niliona mgongo."

Kisha akafunga vionjo viwili vilivyobaki ndani ya karatasi, akaziba pembe vizuri. "Mpelekee. Hajamaliza."

Mama alivila akiwa amesimama, anatazama barabara: samaki mdogo, kisha ndizi iliyopakwa asali na simsim. Akaokota hata simsim zilizobaki kwenye mikunjo ya karatasi. Halafu akasema, kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake, bila kugeuka:

"Huyu ni mwanaume wa kazi."

Niligeuka upesi kutazama dirisha la jikoni, lililokuwa nyuma yetu. Lilikuwa wazi. Mvuke tu ndio uliokuwa ukitoka.