Gauni Lililoacha Wanga

Mtaa mzima hakukuwa na fundi cherehani wa kumfikia Mzee Futi. Akikutazama mara moja tu unapoingia mlangoni, anakitaja kiuno chako bila kuigusa futi iliyompa jina, na hakosei. Hakosei kabisa, ila kama umeshiba, au umevuta pumzi, au wewe ni mkewe. Kiuno cha mkewe alikikosea tangu uchumba, na kila mara alikosea kwa upande wa huruma.

Mkewe alikuwa akioka keki za kuagizwa, wateja wakamwita Mama Keki. Alikuwa mnene wa kuaminika: akikaa mwisho huu wa benchi, aliyekaa mwisho ule anasimama bila kupenda. Keki haiivi bila kuonjwa, alisema, na kweli alionja, tangu unga hadi makombo.

Ndipo kidole chake cha mguu kikapata kidonda kilichogoma kupona. Akaenda zahanati, nesi akampima damu, akatikisa kichwa.

"Mama, sukari iko juu sana. Punguza wanga."

Mama Keki akashika kifua. "Mimi? Mwanangu, muulize yeyote mtaani. Usiku nalala kama gogo, sijawahi kuwanga!"

Nesi alicheka hadi akaegemea meza. "Si wanga wa kuruka na ungo, mama. Wanga wa mkate, wali, viazi. Ukiula, mwilini unageuka sukari. Vidonge nitakupa, umeze kila siku, ila sahani nayo ibadilike. La sivyo kidole hiki tunaweza kukipoteza. Na usihangaike na mizani kila siku. Chukua gauni moja linalokubana, litakuambia lenyewe."

"Umesikia?" Mama Keki alimwambia mumewe alipofika nyumbani. "Kidole ni changu, kukipoteza tunakipoteza wote!" Alitania, lakini kiatu alikivua polepole, kisikiguse kidole.

Basi mkate ukaitwa mchawi. Ukitoka kwenye oveni, Mzee Futi anapiga kelele, "Wanga hao!" na kuukabidhi kwa jirani. Yeye mwenyewe akaacha sukari, akawa anakunywa chai uso umejikunja kama pindo lililoshonwa na mwanafunzi. Mezani ikawa mboga za majani, mayai, samaki. Keki za wateja Mama Keki akazionja kwa pua.

Lakini gauni! Gauni la buluu, aliloshonewa na mumewe zamani, likakaa na msimamo wake. Kila Jumamosi alilijaribu, na kila Jumamosi zipu ilifika katikati ya mgongo ikakataa kuendelea na safari.

Alasiri moja Mzee Futi akamkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, gauni wazi mgongoni, kipande cha keki mkononi. Hajakiuma bado.

"Mama watoto."

"Niache. Nimekula majani mpaka nimeanza kumwelewa mbuzi, na zipu iko palepale. Kama kidole kinaondoka, kiondoke. Bora nife nimeshiba."

Mzee akapiga magoti, na magoti yake hayakuwa ya kupigwa ovyo. Akakishika kile kidole kwa uangalifu, kama hariri.

"Hiki ndicho nilichokikanyaga siku ile tulipoonana mara ya kwanza."

"Nakumbuka. Ulikuwa huoni mbele."

"Nilikuwa naona vizuri sana. Nilikikanyaga makusudi, nipate sababu ya kukuomba radhi." Akakifunika kwa kiganja. "Hakiondoki, mke wangu, bado nakihitaji. Hebu nipe hilo gauni, nikaipake zipu nta ya mshumaa. Mkorofi ni zipu, si wewe."

Akampa gauni. Baadaye kidogo akampa na keki.

Jumamosi iliyofuata zipu ilipanda hadi shingoni bila kulalamika. Mama Keki akazunguka chumbani, akazunguka tena. "Limelegea! Baba watoto, limelegea!"

"Si nilikuambia?" alisema fundi, akitazama dirishani.

Tangu hapo hakuhitaji kusukumwa. Sokoni alienda na kurudi kwa miguu, na viazi alivipita bila salamu.

Siku ya zahanati ilipofika, alilivaa gauni lenyewe. Nesi akafungua bendeji. Kidonda kilikuwa kimekauka, ngozi changa imekifunika. Sukari nayo ilikuwa imeshuka. "Kidole chako hiki, mama. Nenda nacho nyumbani." Mama Keki akalia pale pale kitini.

Kisha akapanda mizani. "Kilo moja na nusu umepungua. Vizuri, mwendo ni huo huo, polepole."

Machozi yakasita. Kilo moja na nusu? Gauni linalopwaya hivi?

Nyumbani alisimama mbele ya kioo, akainua mkono. Toka kwapani hadi nyongani ulishuka mchirizi wa buluu mbichi, ing'aayo, pembeni ya buluu iliyoliwa na jua. Kitambaa kile kilikuwa kimefichwa ndani ya mshono miaka yote: akiba ambayo fundi humwachia mtu anayetarajia kuzeeka naye. Akaweka vidole viwili, vikaenea. Upande wa pili, viwili. Akasubiri hasira ije. Haikuja, kilichokuja ni kicheko, tena kicheko chenye maji.

Akamfuata chumba cha kushonea. Mzee alikuwa na pini mdomoni.

"Kidole?" aliuliza kati ya pini.

"Kipo. Kinakusalimu."

Pini zikamwagika zote. Akainama kuziokota, akakaa huko chini muda mrefu kuliko pini zilivyohitaji, akaibuka macho mekundu.

"Haya, fundi wa macho," Mama Keki akajigeuza mlangoni, mikono ameibana mbavuni. "Nitazame. Nimepungua kiasi gani?"

Angeweza kusema hajui. Lakini sifa ni sifa.

"Vidole vinne," alisema Mzee Futi. "Kamili. Na mimi sikugusa kitu zaidi ya zipu."

Mama Keki akainua mkono wa kulia, taratibu, kama mwanafunzi anayejua jibu. Akaweka vidole viwili juu ya ile buluu mpya. Kisha akainua wa kushoto.

Mzee Futi akarudisha pini mdomoni, zote.