Mjane Asiye na Mtoto

Profesa alikuwa anafuta ubao wakati marehemu baba yake alipoingia ukumbini, akaketi mstari wa mbele na kuipakata kofia yake. Wanafunzi walivuta miguu apite, maana walishamzoea.

Zamani marehemu alikuwa akienda nyumbani. Kila jioni mama alimwekea kiti jikoni, wakapiga soga na kuwateta majirani huku vyombo vikioshwa. Mwana wao, wakati huo mhadhiri anayesaka jina katika ushauri nasaha kwa watu wa tamaduni mbalimbali, akaona ameokota dodo. Akaandika makala kuhusu wafiwa wasiotakiwa kusahau. Ruhusa ya mama hakuiomba. Alijiambia haina haja, kwa kuwa alimficha kama taaluma inavyotaka: alimbadili jina, akamhamisha mtaa, mlango wa kijani akaufanya wa bluu, na mjane akamfanya hana mtoto.

Alimficha vizuri mno. Makala ilipotoka, marehemu hakuiona tena nyumba yake. Alizunguka mitaani akitafuta mlango wa bluu, akachoka, akaja chuoni, mahali pekee ambapo mke wake alikuwa akitajwa. Siku ya kwanza mwanawe alimwita baba.

"Samahani, mwalimu," marehemu alisema kwa adabu. "Sisi hatukujaliwa."

Makala hiyo ndiyo iliyompa mwanawe uprofesa. Kuifuta kulihitaji neno moja tu kwa wahariri, na uprofesa ungekwenda nayo. Kila asubuhi aliazimia kulisema, na kila asubuhi akajipiga chenga mwenyewe.

"Baba yako kanisusa siku hizi," mama alimwambia akimmiminia chai. "Sijui nilimkosea nini."

"Atakuja, mama." Alijiona mwizi, tena wa nyumbani kwao.

Na leo, kipindi chake cha kwanza tangu apande cheo, mama alivaa nguo yake nzuri akaja kumsikiliza. Kiti kilichobaki wazi kilikuwa kile cha jirani na marehemu. Mama alimtambua papo hapo, akamshika mkono.

"Kumbe uko huku, baba watoto! Kiti chako bado kipo."

"Umenifananisha, mama," marehemu alisema bila kuuvuta mkono. "Mimi sina watoto. Na wewe umefiwa?"

Mama alimtazama, kisha akamtazama mwanawe pale mbele.

"Nimefiwa," alisema.

"Pole sana. Mke wangu naye yuko peke yake, namtafuta simpati. Lakini huyu profesa anamfahamu. Hebu tumsikilize."

Profesa aliyasikia yote. Uso ulimwaka kwa aibu, na kwa muda alitamani kushuka awaambie pale pale kwamba wao ni mke na mume. Wanafunzi walikuwa wameshashika kalamu. Akakohoa.

"Tuanze na mjane mmoja," alisema, "asiye na mtoto."

Marehemu aliinama mbele asikose neno, kofia ikamdondoka. Mama akaiokota, akaipakata, akasikiliza.